Mstari wa Muhogo wa Bwana Shamba

Mawingu ya masika yakianza kujikusanya upande wa ziwa, huwa najikuta natazama mlango wa duka letu hapa Suna kama mtu aliyeagiza chai na haijaletwa. Ninayemngoja haji. Najua haji. Lakini macho hayasikii la mtu, na kile kistuli cha mbao kilichokuwa chake bado nakiweka karibu na magunia ya mbegu. Mteja akitaka kukikalia namwomba ahamie kwenye kiti cha plastiki, eti kistuli kimelegea mguu. Hakijalegea chochote.

Tulimwita Bwana Shamba. Ndiyo kazi aliyofanya serikalini, ya kuzunguka kwa wakulima na kuwafundisha, na alipostaafu aliacha kazi ofisini, jina akaondoka nalo. Wajukuu zake walimwita hivyo. Mke wake mwenyewe, nilimsikia kwa masikio yangu, alimwita hivyo akiwa amekasirika. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini nikilitamka naona kama namtaja mtu mwingine, kwa hiyo naliacha.

Baba yangu alihamia Suna kutoka Mombasa kabla sijazaliwa, akafungua duka la nafaka na mbegu, na mimi nikakulia humo katikati ya magunia. Nilifundishwa kumwamkia kila mtu mzima shikamoo. Bwana Shamba hakuwahi kujifunza kuitikia. Nikimwambia "Shikamoo, Bwana Shamba," ananijibu "Mzuri sana, nyathina," yaani mwanangu, huku anavua kofia. Baba alijaribu kumsahihisha, kisha akachoka. Mpaka leo nikisikia mtu anaitikia marahaba, naona kama kuna kitu kimepungua.

Alivaa buti za mpira hata kiangazi. Alikuwa na namna yake ya kuingia dukani. Hakusalimia watu kwanza, alisalimia magunia. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mbegu za chini kabisa, akazinusa, akaiuma moja. Asiporidhika hakunong'ona. Aligeuka mlangoni na kuwatangazia wateja: "Hii mahindi ni ya kusaga. Msipande hii. Hii imekufa!"

"Bwana Shamba, unanifungia duka," baba alikuwa akilalamika.

"Haji, mimi ndio nakuwekea wazi. Wakipanda hii, mwaka ujao watarudi hapa kweli?"

Waligombana namna hiyo miaka nenda miaka rudi, na baba alipougua, aliyekuja kukaa naye kila siku ya soko ni yeye. Hawakuzungumza mengi. Walisikiliza taarifa ya habari na kuipinga wote wawili.

Lakini kama ungetaka kumwona Bwana Shamba akiwaka, ungemtajia muhogo. Watu wa huku ugali wao wa kweli si wa mahindi matupu. Ni unga wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, unaokaa tumboni tangu asubuhi mpaka jua litue. Kisha ukaja ugonjwa. Ukitazama shamba unaona majani yamesimama vizuri, unajipongeza. Siku ya kuchimba ndipo unakuta mizizi imeoza kwa ndani, ina michirizi ya kahawia, migumu kama gome. Bwana Shamba alikuwa akisema ni ugonjwa mnafiki. Alizunguka Rangwe, Ndhiwa, mpaka kwao Lambwe, akiwaambia watu wang'oe na kuchoma. Wengine walimfukuza. Wengi walimtii, kwa sababu alikuwa na kitu cha kuwaahidi.

Alikuwa ameuona muhogo mwingine. Aliwahi kupelekwa pamoja na maafisa wenzake kwenye shamba la majaribio, nyuma ya uzio, mahali ambapo unaosha viatu unapoingia na unaosha tena unapotoka. Huko kulikuwa na muhogo uliobadilishwa maabara. Mbele yao ulichimbwa ule wa kawaida, umeoza. Pembeni yake ukachimbwa huu mpya, mweupe mpaka katikati. Hakuruhusiwa kuondoka hata na jani. Alitusimulia habari hiyo kama watu wanavyosimulia harusi waliyohudhuria, na kila mara aliongeza kitu. Mara ya kwanza muhogo ulikuwa mnene kama mkono. Miaka ilipopita ulikuwa umefika unene wa paja.

"Ina nini ndani?" baba alimuuliza siku hiyo ya kwanza. "Isije ikawa wametia nguruwe."

"Hapana, Haji. Wamechukua kipande kidogo cha huo ugonjwa wenyewe, wakaweka ndani ya muhogo. Sasa ugonjwa ukikuja, muhogo unaujua."

"Basi ni kama chanjo."

"Karibu hivyo."

Baba alifikiri, akasema chanjo hana ugomvi nayo, ila chakula kilichotiwa mkono na mtu asiyekula chakula hicho kinampa mashaka. Bwana Shamba alicheka, lakini aliondoka mapema siku hiyo.

Ubishi wa dukani kwetu kuhusu GMO ungeweza kujaza ukumbi. Kuna mwuza nyama jirani yetu, mtu wa mwili, aliyeapa kwamba wanaume wakila vitu hivyo wataota matiti. Bwana Shamba alimtazama kifuani kwa utulivu, akasema, "Wewe unayo tayari, na hujala." Duka zima lilianguka kicheko, na mwuza nyama mwenyewe akacheka mpaka akafuta machozi.

Swali lililomshinda aliulizwa Rangwe, kwenye mkutano wa wakulima, nami nilikuwepo kwa sababu nilipeleka mbegu. Mama mmoja, amempakata mtoto, alisimama nyuma kabisa. Hakuuliza habari za matiti. Aliuliza, "Bwana Shamba, sasa hiyo muhogo ikikuja, itakuwa ya nani? Mimi nikikata kijiti nimpe jirani yangu, nitashikwa?"

Alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Wamesema mtapeana bure."

"Na wakigeuza maneno?"

Alikuwa mtu wa kujibu hata asichoulizwa, na siku hiyo alinyamaza, mkutano ukafungwa. Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Ule mama ameuliza vizuri." Alilirudia tena tulipofika. Alinieleza kwamba kwa mahindi yeye mwenyewe ana wasiwasi, kwa sababu mbegu ya kununua kila msimu humfunga mtu kwenye kaunta ya duka, hata liwe duka zuri kama letu. Ila muhogo hauendi dukani, muhogo hukatwa kijiti ukapewa mtu. Mimi mwenye duka sikuyafurahia sana maneno hayo. Lakini nilimwona anavyoyasema, na nikajua huyu mtu hauzi chochote.

Watu wa mjini wakija na hotuba kwamba mbegu mpya itamaliza njaa, alikuwa wa kwanza kuwakata. "Njaa ya hapa inatokana na barabara, inatokana na bei, inatokana na sisi wenyewe," alikuwa akisema. "Muhogo itatoa njaa ya muhogo tu. Lakini si hiyo pia ni njaa?"

Hiyo "sisi wenyewe" ndiyo iliyonirudia baadaye.

Kwa Wajaluo kuna desturi wanayoiita golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Mvua ikinyesha, hakuna anayepanda katika boma kabla ya mikayi, mke wa kwanza wa mwenye boma. Yeye ndiye huangusha mbegu za kwanza. Wake wa wanawe husimama na majembe yao wakingoja, hata kama mbingu zinamwagika. Anayemtangulia anavunja kitu kisichoungwa kwa gundi. Bwana Shamba aliipiga vita desturi hii katika kila mkutano. "Panda na mvua ya kwanza!" alikuwa akifoka. "Mvua haina habari na mikayi!" Watu walicheka, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani na kumngoja mikayi.

Naye pia. Hilo ndilo lililonichekesha kwa miaka. Kila masika alinunua mbegu kwetu, na nikimwambia haraka, mvua imeshika, alisema, "Wacha nipeleke kwa mwenyewe." Mwenyewe alikuwa mke wake. Nilifika kwao Lambwe msimu mmoja na kumkuta mama huyo, mfupi, mkavu, mwepesi wa ulimi, ameinama shambani na jembe lenye mpini uliong'aa kwa kushikwa. Bwana Shamba alikuwa kando, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja kusahihishiwa. Nilimtania: "Na mvua haina habari na mikayi?" Akanijibu kwa sauti ya chini, mke wake asisikie, "Ile ni ya mkutano."

Mama huyo alifariki wakati wa kiangazi. Tulikwenda kuzika, na Bwana Shamba alisimama kaburini na buti zake, hakuvua kofia, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Masika ilipofika alikuja dukani. Alinusa magunia, akaiuma mbegu moja, akawatangazia wateja kwamba safari hii mahindi yangu yanafaa. Aliwahimiza watu wapande mapema. Kisha akaondoka mikono mitupu. Nilidhani amesahau. Msimu mfupi wa vuli alifanya vivyo hivyo, na masika iliyofuata hakuja kabisa.

Aliyekuja ni mke wa mwanawe wa mwisho, msichana mpole mwenye sauti ya kikohozi. Alikuwa akinunua unga. Alirudi tena na tena, mpaka nikamuuliza kwa nini mtu wa Lambwe, kwenye udongo ule, ananunua unga kwangu.

"Mama, mashamba tunayo," alisema. "Lakini Bwana Shamba hajafungua. Sisi wote tumekaa. Watoto wanakula mara moja."

"Si wazee wamruhusu afungue mwenyewe?"

"Wazee walikuja. Wengine walisema aoe, amekataa. Wengine wakasema basi atoe mbegu kwa mkono wake, inatosha. Akasema anangoja muhogo."

Muhogo ule! Tulikuwa tumeusikia ukija na kurudi redioni kama kengele ya shule iliyoharibika. Leo serikali inasema ruksa, kesho kuna kesi, keshokutwa wataalamu wanaombwa subira. Na huku Lambwe boma zima limekaa na njaa, linaongozwa na mtu aliyetumia maisha yake kuifukuza njaa kwa wenzake. Nilikasirika, sitaficha. Nilifunga mbegu za mahindi na mtama kwenye mkoba, nikamwachia mdogo wangu duka.

Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, amekonda, buti zimemzidi miguu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na shamba lake lilikuwa nyasi mpaka kiunoni. Ng'ambo ya ua, kwa majirani, watu walikuwa wameinama wanapanda.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Mzuri sana, nyathina."

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali njia nzima. Salamu hiyo iliyayeyusha yote, nikabaki na moja tu. "Wakwe zako wananunua unga kwangu."

"Najua."

"Kuna vijiti vya muhogo safi vya utafiti, vya kawaida, visivyougua haraka. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Panda hivyo, au panda mahindi. Lakini panda."

Alitazama nyasi zake. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema dukani. Ugonjwa ulipofika Lambwe, shamba la kwanza aliloamuru lichomwe lilikuwa la mke wake. Ulikuwa muhogo aliopewa na mama yake siku ya kuolewa, ameutunza tangu ujana. Mke wake alikataa, akalia, akamwita jina lake la ofisini kwa hasira. Yeye akamwahidi: choma huu, nami nitakuletea mwingine usiokufa. Mke akachoma. Kuanzia hapo kila masika alimuuliza, "Umekuja?" naye akamjibu, "Bado kidogo." Alimjibu hivyo mpaka kitandani hospitalini.

"Sasa nitafungua shamba yake na nini?" aliniuliza. "Na mahindi ya duka? Nimwambie nini?"

Mimi pia nimefiwa na watu niliowaahidi vitu. Ni yule mke wa mwanawe wa mwisho, aliyekuwa amesimama pembeni na birika la chai, aliyekohoa na kusema, "Bwana Shamba, mama hakuchoma yote."

Aligeuka polepole. "Umesema nini?"

"Kuna kidogo nyuma ya jikoni. Kwa ndizi. Alituambia tukikuambia, atatufukuza."

Tulimfuata. Nyuma ya jikoni, katikati ya migomba, mahali ambapo mwanamume hana shughuli ya kwenda, palikuwa na mashina machache ya muhogo. Bwana Shamba alipiga magoti kwenye matope. Aliyapapasa majani, akayageuza upande wa chini kama daktari, akachimba kwa mikono. Mzizi ulitoka mdogo, umejikunja. Akaukata kwa kisu chake cha mfukoni. Katikati ulikuwa na michirizi ya kahawia, kama alivyojua utakuwa.

"Mgonjwa," alisema.

"Alikuwa anakata pahali imeoza anatupa," msichana alieleza. "Anapika ile nyeupe. Alikuwa anatupatia sisi wakwe zake, wewe ukienda mikutano."

Alianza kucheka. Alicheka huku amepiga magoti, mabega yakitikisika, na sikujua ni lini hasa kicheko kiligeuka kilio. "Miaka yote hiyo," alisema. "Ananiuliza umekuja, umekuja. Na anakula muhogo!" Alifuta uso kwa mkono wenye matope. "Hakuwa ananingoja."

Tuliuchimba wote. Msichana aliukata, akatupa palipooza, akachemsha kilichobaki, tukala na chai ya rangi tukiwa tumesimama palepale jikoni. Ulikuwa mtamu. Nimekula vyakula vingi vya wenye uwezo, na bado nautamani ule muhogo. Bwana Shamba alikula kipande kimoja kwa muda mrefu sana. Baadaye alikusanya mashina, majani na mabaki, akayachoma mwenyewe, kwa sababu ugonjwa ni ugonjwa na majirani wana mashamba. Alisimama mpaka moto ukazimika.

Kisha akaniuliza nimebeba nini kwenye mkoba.

Aliyanusa mahindi. Aliiuma punje moja. Hakusema kitu, nami nikajua yanafaa. Alivua buti, nikaona miguu yake kwa mara ya kwanza, myembamba na myeupe kwa kukosa jua, akaomba jembe la mke wake. Alifyeka kipande kisichozidi mkeka wa kuswalia. Wake wa wanawe walikuwa wamekwisha kusogea, mmoja mmoja, wakasimama pembezoni na majembe yao. Aliinama kwa taabu, akaangusha mbegu za kwanza, akazifukia kwa kisigino. Alibaki ameinama kidogo, kama mtu anayesikiliza chini ya udongo. Alipoinuka aliwafokea kwa sauti yake yote ya mikutano:

"Haya, mnangoja nini? Mvua haina habari na mzee!"

Wakaingia shambani wakicheka na kulia. Kabla jua halijatua alinishika mkono, akanipeleka karibu na jikoni, akaniwekea mpaka kwa vijiti kwenye ardhi iliyo wazi, mstari mmoja mrefu. Alimwita mke wa mwanawe wa mwisho, akamwambia pale pasipandwe kitu, pangoje ule muhogo.

Hatukuonana tena. Alitutoka baada ya mavuno, na kabla ya hapo alinitumia kikapu cha mtama bila ujumbe wowote.

Siku hizi boma lile linafunguliwa na mke wa mwanawe mkubwa, na unga hawanunui kwangu. Mke wa yule wa mwisho bado huja Suna kila masika kuchagua mbegu. Nimemfundisha kuingiza mkono mpaka chini ya gunia. Akifika mlangoni, kabla ya salamu, huniuliza, "Umekuja?"

"Bado," namwambia.

"Sawa," anasema, na kukaa kwenye kile kistuli, yeye peke yake ninayemruhusu. "Mstari wake nimeshapalilia."